Kwa nini jeli ya kucha inanata hata ikitoka kwenye taa

Mdogo wangu ana kijisaluni cha kucha Mwanjelwa hapa Mbeya, meza moja, viti viwili na ile taa nyeupe ya kuingiza mkono, na kila nikipita kumsalimia lazima nikute mteja analalamika jambo lilelile. Ametoa mkono kwenye taa, sekunde 60 zimeisha, akagusa kucha kwa kidole cha mkono mwingine, inanata. "Dada hii haijakauka, nirudishe tena." Mdogo wangu wala habishani, anachukua pamba yenye spiriti anafuta kucha moja moja, kunata kote kunaondoka na chini yake panang'aa kama kioo, mteja anatulia. Nikimuuliza anachofuta ni nini ananijibu "ni uchafu wa jeli kaka, lazima uutoe".

Sasa hako katabaka kanakofutwa na kutupwa kila siku pale Mwanjelwa sio uchafu. Ni jeli ileile, ila imezuiwa na hewa isigande, na kuna watu Marekani mwaka 2015 walikageuza kuwa njia ya kuprinti vitu vyenye umbo kamili haraka kuliko ilivyokuwa kawaida. Nimeona niandike hili kwa urefu kwa sababu mimi mwenyewe nina printa ya rezini hapa mjini, rezini ni plastiki ya uji inayogandishwa na mwanga, na hiyo jeli ya kucha ni mojawapo, natengenezea madaktari wa meno modeli za taya za wagonjwa wao, na karibu kila mtu anayeingia ofisini kwangu ananiuliza hiyo taa inakausha vipi plastiki. Neno kukausha ndo linalowapoteza watu, tuanzie hapo.

Kukauka ni maji au spiriti kuondoka. Nguo inakauka, mahindi juani yanakauka, rangi ya kucha ya kawaida inakauka, ile harufu kali unayoisikia ndo kiyeyusho chenyewe kinaruka hewani kinaacha rangi. Ukiwa na mzani mdogo ule wa sonara weka tone la rangi ya kawaida kwenye kipande cha kioo upime, ukirudi baada ya nusu saa utakuta imepungua uzito sana. Fanya hivohivo kwa jeli, ipime, ipige taa, ipime tena, uzito ni karibu uleule. Hakuna kilichotoka. Kilichokuwa uji kimegeuka kigumu na vitu vyote bado vimo ndani, kwa hiyo lililobadilika ni jinsi vilivyoshikana.

Waliowahi kusimama stesheni ya TAZARA wakaangalia mabehewa yanapangwa watanielewa haraka. Chukulia rezini ni uwanja umejaa mabehewa mamilioni kwa mamilioni, kila behewa liko peke yake, yanateleza yanapishana, ndo maana rezini inamiminika. Hilo behewa moja wataalamu wanaliita monoma. Kila behewa lina ndoano lakini ndoano imefungwa, kwenye kemia ni ule muungano wa mara mbili kati ya kaboni na kaboni tuliousoma sekondari, imetulia haimtafuti mtu. Unaweza kukaa na chupa ya rezini kabatini mwaka mzima na isigande.

Ndani ya chupa hiyohiyo kuna kitu kingine kimechanganywa kidogo tu, mara nyingi chini ya asilimia 5, mimi nakiita kiwashio. Mwanga ukikipiga kinapasuka vipande, na kila kipande kinatoka na mkono mmoja uko wazi hauna cha kushika, hiyo ndo radikali huru. Mkono wazi hauvumilii, unakamata behewa la kwanza linalopita, ndoano ya lile behewa inafunguka, upande mmoja inashikwa na upande wa pili inabaki wazi, nayo inakamata la pili, la pili linakamata la tatu, na inaendelea hivo mamia mpaka maelfu ndani ya muda mdogo mno, hadi mikono miwili iliyo wazi ikutane ishikane yenyewe ndo treni inasimama. Hiyo treni ndefu ndo polima. Kwa hiyo mwanga wenyewe haushiki behewa hata moja, kazi yake ni kuwasha tu, na ndo maana taa ndogo ya kucha inayotumia umeme kidogo hivo inaweza kugandisha kitu kizima kwa dakika moja.

Ila mabehewa yangekuwa na ndoano moja moja tu tungepata kamba ndefu ndefu zilizolundikana, kama katani iliyomwagwa chini, ukiipasha moto kamba zinateleza plastiki inayeyuka. Rezini nyingi za mwanga zinawekewa mabehewa yenye ndoano mbili, tatu, na hapo treni moja inashikana na ya jirani na ya jirani yake mpaka kinatokea wavu mmoja mkubwa, yani modeli nzima ya taya inayotoka kwenye printa yangu ukiangalia kwa undani ni kama molekuli moja kubwa imefungana yote. Wavu hauyeyuki. Ukiuchoma utaungua lakini hautarudi kuwa uji, na hili nitalirudia chini kwa sababu lina uzuri wake na lina tabu yake.

Kuhusu rangi ya mwanga, kila kiwashio kina mwanga wake kinaoukubali na mwingine hakiuoni kabisa. Daktari wa meno akikuziba jino kwa dawa nyeupe anakushikia kifaa kama kalamu kinatoa mwanga wa bluu, humo ndani kiwashio kinachotumika sana kinaitwa kamforakwinoni na kinapenda mwanga wa karibu nanomita 468, nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na hiyo ni bluu kabisa. Printa yangu inatumia 405, zambarau, ukingoni kabisa mwa kile jicho linachoweza kuona. Taa za kucha ziko hapo 365 mpaka 405, nyingine zinachanganya, ule mwanga wa UV ambao vitabuni tunauita urujuanimno. Ukiingia kwa daktari wa meno angalia kile kikinga cha plastiki kwenye taa yake, ni cha rangi ya chungwa. Kifuniko cha printa yangu nacho ni cha chungwa. Sababu ni ileile, plastiki ya chungwa inameza bluu na zambarau, kwa daktari inalinda macho yake na kwangu inazuia mwanga wa dirishani usiniharibie rezini.

Na dirishani hapa kwetu sio pa kuchezea. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na UV inaongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo jua la hapa hata siku unayotetemeka kwa baridi na sweta juu bado lina UV kuliko jua la Dar la namna hiyohiyo. Nimewahi kusahau kikombe cha rezini dirishani saa nne asubuhi, mawingu yamefunika Loleza, nikasema hakuna jua, narudi mchana nakuta kimefunga utando juu mgumu na chini bado uji.

Jambo hili wala sio la leo. Mfaransa Nicéphore Niépce miaka ya 1820 alipaka aina ya lami kwenye bamba la madini, akaliweka ndani ya kamera likitazama nje ya dirisha lake kwa muda mrefu sana, sehemu zilizopigwa na mwanga lami ikawa ngumu, sehemu za kivuli ikabaki laini akaiosha kwa mafuta ya mlavenda. Ikabaki picha. Inahesabiwa ndo picha ya zamani zaidi ya kamera iliyosalia mpaka leo, ya mwaka 1826 au 1827, na ni kazi ya mwanga kugumisha kitu. Alafu mwaka 1983 Mmarekani Chuck Hull, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni inayotumia taa za UV kugandisha vanishi kwenye meza, akajiuliza kama mwanga unagandisha tabaka moja jembamba, kwa nini nisiweke tabaka juu ya tabaka mpaka nipate umbo. Kitu chake cha kwanza kilikuwa kikombe kidogo cha kuoshea jicho. Akaomba hataza mwaka 1984, akaipata 1986, na printa zote za aina yangu ni wajukuu wa kile kikombe.

Hapo ndo penye uzito wa habari yote. Moto hauwezi kuuambia uingie hapa usiingie pale, ukipasha kitu kinapata moto chote. Saruji ukishaitia maji imeanza, huwezi kuisimamisha ukanywe chai. Mwanga unauelekeza kwenye nukta, unauwasha, unauzima, ganda linatokea ulipomulika, wakati ulioamua. Kila ninachoeleza kuanzia hapa kinatoka kwenye uwezo huo wa kuchagua wapi na lini.

Printa yangu iko hivi. Kuna beseni fupi la rezini, chini yake badala ya bati kuna nailoni ngumu inayoonyesha, chini ya nailoni kuna skrini kama ya simu, chini kabisa taa za zambarau. Skrini inaonyesha picha ya tabaka moja, sehemu nyeupe mwanga unapita, sehemu nyeusi unazuiwa. Sahani ya chuma inashuka kutoka juu mpaka ibaki nafasi ya mikromita 50 kati yake na nailoni, yani nusu ya unene wa karatasi ya daftari hivi, mwanga unawaka sekunde mbili na nusu, tabaka linaganda. Sasa limeganda juu kwenye sahani na limenata chini kwenye nailoni pia, kwa hiyo sahani lazima inyanyuke ilibandue, na hapo utasikia "tak", ukiwa umekaa karibu usiku kimya unaisikia kila baada ya sekunde chache. Kisha inashuka tena, rezini mpya inaingia, tabaka jingine.

Piga hesabu. Modeli ya taya ina kimo cha milimita 20, ukigawa kwa matabaka ya mikromita 50 ni matabaka 400. Mwanga wa sekunde mbili na nusu mara 400 ni sekunde 1,000, kama dakika 17. Lakini kule kunyanyuka, kubandua na kushuka kunakula sekunde 6 kila tabaka, mara 400 hiyo ni dakika 40. Muda mwingi unaisha kwenye kubandua, kugandisha kwenyewe wala sio tatizo. Na mwezi wa sita na wa saba huku kwetu inakuwa mbaya zaidi kwa sababu rezini ikipoa inakuwa nzito kama asali, haiwahi kurudi chini ya modeli kabla mwanga haujawaka, unapata tabaka lenye mashimo, linafuata jingine, asubuhi unakuta sahani haina kitu na mzigo wote umeganda kwenye nailoni. Mwaka wa kwanza nilipoteza wiki nzima nikidhani printa mbovu, kumbe ni baridi tu. Siku hizi nawasha balbu ya vifaranga kwenye boksi lililofunika printa, kipimajoto kikifika 25 ndo naanza, nimeona wenzangu wa Iringa na Njombe nao wanahangaika na hilihili, kwa hiyo mjue.

Turudi kwenye kucha inayonata. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa na inapenda radikali kuliko kitu chochote. Ule mkono wazi ukikutana na oksijeni kabla ya behewa unashikana nayo, na mkono uliotokea hapo ni mlegevu, hauna nguvu ya kukamata behewa linalofuata. Treni inafia hapo. Ndani kabisa ya jeli oksijeni ni kidogo, inaisha mapema, treni zinaendelea. Lakini pale juu kabisa inapogusana na hewa, oksijeni ikiliwa inaingia nyingine, ikiliwa inaingia nyingine, haiishi, kwa hiyo tabaka la juu jembamba mno linabaki uji hata ukirudisha mkono kwenye taa mara kumi. Mteja akirudishwa anaunguzwa ngozi bure tu. Daktari wa meno anaijua hii, ndo maana wengine wakimaliza kuziba wanapaka gliserini juu ya jino kisha wanapiga taa mara ya mwisho, gliserini inazuia hewa, juu panaganda.

Miaka mingi oksijeni ilihesabika kuwa adui, viwandani watu wanafukuza hewa kwa naitrojeni ili vanishi igande vizuri. Sasa timu ya Joseph DeSimone kule North Carolina ikaja na wazo tofauti, wakachapisha kazi yao mwaka 2015. Wakaondoa ile nailoni ya chini wakaweka dirisha la plastiki maalum inayopitisha mwanga na pia inapitisha oksijeni. Oksijeni ikipenya kutoka chini inafanya kilekile inachofanya kwenye kucha, inazuia tabaka jembamba la mikromita 20 mpaka 30 hivi juu ya dirisha lisigande kabisa. Rezini inaganda juu ya hilo tabaka, haigusi dirisha, kwa hiyo hakuna cha kubandua. Hakuna "tak". Sahani inapanda taratibu bila kusimama na umbo linavutwa kutoka kwenye uji kama unavyovuta mlenda kwa kijiko, kwa kasi ya mamia ya milimita kwa saa. Nikiangalia zile dakika zangu 40 za kubandua nawaelewa kabisa. Kampuni yao ilifika mbali mpaka mwaka 2017 adidas wakatoa viatu vyenye soli iliyotengenezwa hivo, imejaa vijinyavu ndani ambavyo huwezi kuvitoa kwenye kalibu.

Na oksijeni ikatumika tena mwaka 2019, safari hii na watu wa Berkeley, California. Hawa waliachana na matabaka kabisa. Unajua CT scan inavyofanya kazi, inakupiga picha kutoka pande zote kompyuta inajumlisha inapata umbo la ndani. Wao wakafanya kinyumenyume, wakachukua kichupa cha rezini kinazunguka, projekta ikawa inarusha picha tofauti kwa kila upande kinapogeuka, kila picha peke yake haina mwanga wa kutosha kugandisha, lakini mahali ambapo picha nyingi zinapitia palepale mwanga unajumlika. Sasa kwa nini zile sehemu zilizopata mwanga kidogo hazigandi kidogo? Kwa sababu oksijeni iliyoyeyuka ndani ya rezini inakula radikali za mwanzo zote, na mpaka mwanga uwe umeimaliza ndo treni zinaanza. Inakuwa kama kizingiti cha mlango, chini ya hapo haupiti. Kwa hiyo kitu kizima kinatokea kwa mpigo katikati ya kichupa, ndani ya dakika moja mbili hivi. Kilekile kinachoacha uji anaoufuta mdogo wangu na pamba ndo kinafanya kazi hapo.

Ukishaweza kuchagua wapi, swali linafuata ni wapi padogo kiasi gani. Osaka, Japani, mwaka 2001 timu ya Satoshi Kawata ilichonga fahali kwa leza, ana pembe na miguu na mkia, urefu wake mikromita 10, kimo 7. Ukubwa wa chembe nyekundu ya damu. Siri yao ni leza ya mwanga mwekundu usioonekana ambao kiwashio hakiukubali kabisa, ila mahali leza inapobanwa sana kwenye nukta, fotoni mbili, yani chembe mbili za mwanga, zinakipiga kiwashio kimoja kwa wakati mmoja, nguvu zao zikijumlika zinatosha. Pembeni kidogo tu ya nukta hazikutani, hakigandi kitu. Kwa hiyo unaweza kuchora ndani ya rezini bila kugusa juu yake, ni kama kuandika katikati ya maji.

Kingine ambacho mimi binafsi kimenishangaza kuliko vyote ni kigae. Waliowahi kushuka Matema wamewaona mama zetu wa Kikisi na vyungu vyao, unafinyanga udongo ukiwa laini, ukishapata umbo unachoma. Mwaka 2016 watafiti wa maabara za HRL kule California walifanya wazo hilohilo kwa mwanga, wakatengeneza rezini ambayo mabehewa yake yana silikoni ndani, wakaigandisha kwa UV iwe umbo wanalotaka, nyavu, vijiti, vitu vya ajabu, kisha wakaichoma nyuzi 1,000 bila hewa isiungue. Vilivyo vya plastiki vikaondoka, umbo likasinyaa kwa usawa, kilichobaki ni kigae kigumu kinachostahimili joto la nyuzi 1,700. Umbo la namna ile huwezi kulifinyanga kwa mkono na huwezi kulichonga kwa sababu kigae kinapasuka.

Vya kwenye maisha yetu ya kila siku havina hadithi ndefu hivo lakini tunavitegemea. Intaneti unayosomea hapa inapita kwenye nyuzi za kioo, mkongo wa taifa unapita hapa Mbeya kuelekea mpakani, na uzi wenyewe wa kioo ni mikromita 125 tu, ungeachwa hivohivo ungekatika ukiupinda. Unavikwa koti mbili za rezini, laini ndani, ngumu nje, unafika mikromita 250, na kiwandani uzi unavutwa kwa kasi ya zaidi ya mita 20 kwa sekunde, koti inapakwa na kugandishwa kwa taa za UV uzi ukiwa unakimbia. Hakuna kitu cha kukausha kinachoweza kuwahi kasi hiyo. Hospitali nazo, maganda ya vifaa vya kusaidia kusikia siku hizi mengi yanaprintiwa kwa rezini kufuata tundu la sikio la mtu mwenyewe. Na maabara mbalimbali wanagandisha kwa mwanga hafifu jeli zenye maji mengi ndani yake zikiwa na chembe hai, na chembe zinabaki hai, lengo ni tishu za kutibia.

Tatizo ambalo bado linawasumbua wote ni kusinyaa. Mabehewa yakiwa huru yanakaa mbalimbali, yakishikana yanasogeleana, kwa hiyo kila rezini ya namna hii ikiganda inapungua kidogo, dawa za kuziba meno nyingi ni kati ya asilimia 2 na 4 ya ujazo. Kwenye jino hiyo ni ufa mwembamba pembeni ambapo wadudu wanapita. Ukimwona daktari anaziba kidogo anapiga taa, anaongeza kidogo anapiga taa, usimwone anakuchelewesha, anapunguza mvutano huo na pia mwanga haupenyi vizuri zaidi ya milimita 2 kwa dawa za kawaida. Akijaza shimo lote kwa mkupuo akapiga taa mara moja juu, juu patakuwa jiwe na chini uji, kama kikombe changu cha dirishani.

Na hapa naomba wadada wa saluni na vijana wanaonunua hizi printa wanisikilize kwa makini. Rezini iliyoganda vizuri haina shida kubwa, ile ambayo haijaganda ndo mbaya. Zile monoma ni ndogo zinapenya kwenye ngozi, leo hutaona kitu, kesho hutaona, mwili unajifunza kimyakimya na siku moja unaanza kuwashwa, vidole vinapasuka, na mzio huo ukishaupata ni wa maisha. Mtu anaweza akaupata kwenye kucha alafu akaja kusumbuka siku ya kuziba jino kwa sababu ni familia moja ya kemikali. Jeli isiguse ngozi, ikigusa ifutwe kabla ya taa. Glavu ziwe za naitrili. Kiwashio kimoja kinachoitwa TPO, kilichokuwa kwenye jeli nyingi sana za kucha, Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 kwa kuhofia madhara kwenye uzazi. Soma kichupa kabla hujanunua, mdogo wangu nimeshambadilishia.

Alafu kuna ile tabu ya wavu usioyeyuka niliyosema nitairudia. Chupa ya maji unaweza kuisaga ukaiyeyusha ukatengeneza kitu kingine, modeli yangu ya taya huwezi, na karibu rezini zote asili yake ni mafuta ghafi. Watu wanalifanyia kazi, mwaka 2024 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walionyesha rezini iliyotokana na asidi ya lipoiki ambayo ukimaliza kuitumia unaifungua irudi kuwa uji uprinti tena. Rezini zenye mafuta ya soya tayari ziko sokoni, na kwa kemia ileile mafuta ya alizeti yanafaa kwa sababu yana ndoano nyingi za kufungulia, wakati parachichi la Rungwe na Njombe pamoja na sifa zake zote lina ndoano chache zaidi. Na msonobari wa Sao Hill una lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mti, viwanda vya karatasi vinaitoa na kawaida inachomwa kuendesha mitambo. Watafiti nchi mbalimbali wanaigeuza kuwa monoma za mwanga. Mimi naona hapa ndo mahali pa vijana wa kemia wa MUST, chuo kikuu chetu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, na kwingine kuweka mkono, malighafi tunaikanyaga kila siku tukipita Mafinga.

Mpaka hapo itakapofika, spiriti ninayooshea modeli siimwagi kwenye mtaro, ile mitaro inaishia mtoni. Naimimina kwenye sinia la plastiki, natandika wavu juu kuku wasinywe, naweka nyuma ya nyumba mbali na moto. Jua la Mbeya linapiga, spiriti inaruka, rezini iliyokuwa imeyeyuka humo inaanza kushikana, na jioni unaikuta imefunga utando chini ya sinia, ukiwa na glavu unaingiza kidole pembeni unaubandua wote kwa mara moja kama utando wa uji uliopoa.